Mwongozo kamili: prosesa na mazabodi zinazoendana kwa hela ya kuungaunga

Wakuu, huu mwongozo ni wa mtu anayetaka kuunga kompyuta ya mezani kwa hela ya kuungaunga, na kila duka analopita anaambiwa "inaingia hiyo bosi, chukua". Kuingia kweli itaingia. Kuwaka ndo habari nyingine kabisa, na hapo ndo hela za watu zinapopotelea, maana prosesa (ubongo wa kompyuta) na mazabodi (bodi kuu inayobeba vyote, ntaiita bodi tu) zinaweza zikawa na soketi (tundu la prosesa) ya jina moja, ukafunga vizuri bila kulazimisha chochote, alafu ukawasha feni zinazunguka na kioo kiko cheusi tu. Kwahiyo shika hili toka mwanzo: soketi ni swali la kwanza kati ya matatu. La pili ni chipseti (chipu inayosimamia bodi), la tatu ni bayosi (programu ya kuwashia iliyo ndani ya bodi). Ukijibu la kwanza peke yake ukaenda kulipa, umecheza bahati nasibu.

Bei za madukani siziandiki hapa, zinabadilika kila mzigo unapoingia na Kariakoo ya asubuhi sio ya jioni. Ntakupa namna ya kuhesabu na namna ya kukagua, bei utaulizia mwenyewe.

Hatua ya 1: hesabu vitu vitatu kwa mpigo

Usiulize bei ya prosesa peke yake. Prosesa inakuchagulia bodi, bodi inakuchagulia RAM, kwahiyo bei halisi ni ya vitu vyote vitatu vikijumlishwa. Chukua karatasi, andika prosesa, bodi na RAM, fanya hivyo kwa njia mbili au tatu tofauti ndo ulinganishe.

Kwanini nasisitiza? Prosesa hazifi kirahisi, bodi ndo zinakufa. Kwahiyo prosesa za zamani zimejaa sokoni bei ya kutupwa huku bodi zake nzima zikizidi kuwa adimu. Utaona i7-2600 ya Intel inauzwa kama karanga, ukifurahi ukaanza kutafuta bodi ya soketi yake, LGA1155, yenye afya unakuta bodi iliyotumika inataka hela kuliko prosesa yenyewe, na ukipata inataka RAM za DDR3 (aina ya zamani, baada yake ndo DDR4 na DDR5) ambazo huwezi kuzihamishia kwenye mashine yoyote ya kisasa. Na hiyo i7 ya mwaka 2011 ina kora 4 (vichwa vya kufanyia kazi) na thredi 8 (kazi zinazoenda kwa mpigo), sawasawa na i3-12100 ya kizazi cha 12, ila i3 inaiacha mbali kwenye kila kitu huku ikipewa makadirio ya wati 60, wakati i7 ile ni 95. Neno "i7" lisikutishe, mwaka wa prosesa una uzito kuliko hiyo namba ya 3, 5 au 7.

Kuhusu RAM, kuanzia mwishoni mwa 2025 bei zimepanda vibaya, DDR5 ndo usiseme. Ndo maana kwa mtu mwenye bajeti finyu bado nasimama kwenye njia za DDR4, hasa kama una RAM zako za zamani mkononi. Ukiwa tayari na DDR4 nzuri basi theluthi ya safari umeshaimaliza, chagua bodi kwa kuifuata hiyo RAM.

Hatua ya 2: picha itatoka wapi?

Hili watu wanalisahau mpaka wafike nyumbani. Kama huna kadi ya grafiki, yani GPU ya pembeni, basi prosesa yenyewe lazima iwe na grafiki za ndani. Bodi kuwa na tundu la HDMI haimaanishi chochote, lile tundu linasubiri picha kutoka kwenye prosesa, prosesa isipokuwa nayo linabaki pambo.

Kwa Intel, angalia herufi ya mwisho. i5-12400 ina grafiki, i5-12400F haina. F ni haina, basi. K maana yake inaruhusu kupandishwa spidi (na KF ni vyote viwili, inapandishwa lakini haina grafiki), T ni ile ya kutumia umeme mdogo, mara nyingi imetolewa kwenye vile vikompyuta vidogo vya ofisini.

Kwa AMD wa soketi ya AM4 mambo yako kinyume: kawaida HAZINA grafiki, zenye herufi G ndo zinazo. Ryzen 5 5600 haina, Ryzen 5 5600G inayo. Ryzen 5 5500 nayo haina ingawa watu wanaiuza kwa maneno matamu. Ukifika AM5, za Ryzen 7000 nyingi zina grafiki ndogo ya kuonyesha picha, isipokuwa zile zenye F kama 7500F.

Na ukitegemea grafiki za ndani, hasa kwa kugemu kidogo, weka RAM mbili badala ya moja. Yani GB 8 mbili, sio GB 16 moja. Grafiki ya ndani inakula kutoka kwenye RAM, ukiipa njia moja tu unaikaba koo, tofauti yake utaiona kwa macho bila kupima.

Hatua ya 3: soketi

Hapa ni rahisi, ni kukariri tu. Upande wa Intel:

LGA1155: kizazi cha 2 na cha 3. DDR3.
LGA1150: kizazi cha 4 (na cha 5 kidogo sana). DDR3.
LGA1151: kizazi cha 6, 7, 8 na 9, ila hapa kuna mtego mkubwa, soma hatua inayofuata.
LGA1200: kizazi cha 10 na 11. DDR4.
LGA1700: kizazi cha 12, 13 na 14. DDR4 au DDR5 kutegemea bodi.

Kizazi unakisoma kwenye namba baada ya kistari: i5-6500 ni cha 6, i3-8100 ni cha 8, i5-10400 ni cha 10.

Upande wa AMD ni AM4 iliyobeba Ryzen 1000 mpaka 5000, yote DDR4, na AM5 iliyoanza 2022, yenyewe ni DDR5 tu hamna mjadala. AM4 ni soketi iliyoishi miaka mingi kuliko kawaida, mpaka Januari 2024 AMD bado walikuwa wanailetea prosesa mpya kama 5700X3D, na huo ndo utamu wake kwa mtu asiye na hela: unaanza na ya chini leo, baada ya mwaka unabadilisha prosesa peke yake, bodi na RAM vinabaki.

Hatua ya 4: chipseti, hapa ndo panapouma

Chipseti ndo ile herufi na namba kwenye jina la bodi: H110, B360, B450, H610. Hiyo ndo inaamua prosesa zipi zitawaka kweli.

Mtego wa kwanza ni LGA1151. Bodi za H110, B150, H170, Z170, B250, H270 na Z270 ni za kizazi cha 6 na 7. Bodi za H310, B360, B365, H370, Z370 na Z390 ni za kizazi cha 8 na 9. Zote zinaitwa LGA1151, tundu linafanana, prosesa inakaa vizuri kabisa, ila i3-8100 kwenye H110 haiwaki, na i5-6500 kwenye H310 haiwaki. Intel walibadilisha mpangilio wa pini za umeme kwa kizazi cha 8, kwahiyo sio swala la kusasisha bayosi likaisha. Kuna mafundi wanaomodi, wanaziba pini fulani na kuchezea bayosi, lakini kama unasoma mwongozo huu achana nayo.

Mtego wa pili ni LGA1200. Bodi za H410 na B460 zilitoka na kizazi cha 10 na kwa utaratibu wa Intel hazipokei kizazi cha 11. H510 na B560 zinapokea vyote viwili. Ukimkuta mtu anakuuzia i5-11400 na bodi ya H410 kwa pamoja, mwambie aiwashe mbele yako kwanza.

Mtego wa tatu ni Xeon, prosesa za Intel za seva. E3-1230 v2 inakaa na kuwaka kwenye bodi nyingi za kawaida za LGA1155, E3-1230 v3 vilevile kwenye LGA1150, kwahiyo watu wakazoea kwamba Xeon ni i7 ya bei nafuu. Zikaja v5 na v6 za LGA1151, Intel wakafunga mlango: hizo zinataka chipseti za C232 au C236, kwenye H110 au B150 ya kawaida hupati kitu. Na zote hizo za 1230 hazina grafiki za ndani.

AMD nao wana yao. B550 na A520 zinapokea Ryzen 3000 na 5000, lakini Ryzen 1000 na 2000 hazimo kwenye mpango. Sasa mtu anasema sawa mi nachukua 3200G, si ni 3000? Hapana kaka. 3200G na 3400G zina jina la 3000 ila ndani ni usanifu wa kizazi cha nyuma, kwahiyo B550 na A520 hazizitambui rasmi. Zinataka B450, A320 au wenzao. Hili la majina AMD walituchanganya makusudi, sina namna nyingine ya kulielezea.

Upande mwingine, A320, B350 na X370 za mwaka 2017 mwanzoni zilinyimwa Ryzen 5000, mpaka 2022 AMD wakalegeza, watengenezaji wakatoa bayosi. Lakini sio kila bodi ilipata, inategemea kampuni na modeli.

Hatua ya 5: bayosi, na ile orodha ambayo hakuna anayeisoma

Kila kampuni ya bodi, iwe ASUS, MSI, Gigabyte au ASRock, ina ukurasa wa kila modeli, na ndani yake kuna orodha ya prosesa zinazokubalika. Mstari mmoja kwa kila prosesa, na pembeni yake toleo la bayosi ambalo kuanzia hapo inakubalika. Hiyo orodha ndo hakimu. Sio muuzaji, sio YouTube, sio mi.

Fanya hivi ukiwa dukani. Soma jina kamili lililoandikwa kwenye bodi yenyewe, sio kwenye boksi, maboksi yanabadilishwa. Mfano utakuta "B450M DS3H" katikati, alafu pembeni kabisa kwenye kona maandishi madogo "REV: 1.0" au namba nyingine. Hiyo REV ndo marudio, yani toleo la bodi yenyewe, na ina maana: bodi za jina moja zenye marudio tofauti zinaweza kuwa na orodha tofauti. Ingia kwenye simu, fungua ukurasa wa modeli hiyo na marudio hayo, tafuta prosesa yako. Ukiiona imeandikwa inahitaji toleo F60, tuseme, swali linalofuata ni bodi hii ina toleo gani sasa hivi?

Kama bodi ni mpya tafuta stika kwenye boksi inayosema iko tayari kwa kizazi fulani. Kama ni mtumba, njia ya uhakika ni kuiwasha na prosesa yoyote inayokubalika na kusoma toleo kwenye skrini ya bayosi. Muuzaji akikwambia hana prosesa ya kujaribia, basi bodi inayoweza kukuokoa ni ile yenye kitufe cha kusasisha bayosi bila prosesa. MSI wanakiita Flash BIOS Button, Gigabyte ni Q-Flash Plus, ASUS ni BIOS FlashBack. Kiko nyuma kwenye matundu, karibu na tundu la USB lenye alama yake. Flashi ifomatiwe kwa FAT32, faili la bayosi libadilishwe jina kama kampuni inavyotaka, chomeka umeme wa pawa sapulai, bonyeza, taa inapepesa, unasubiri.

Na tafadhali, usisasishe bayosi jioni ya mgao wa umeme. Umeme ukikatika katikati ya zoezi bodi inaweza kubaki jiwe, mpaka fundi aichome upya chipu yake. Tafuta UPS hata ya kuazima.

Kingine, baadhi ya bodi za zamani za AM4 zina chipu ya bayosi ya MB 16 tu, kwahiyo kampuni zikiongeza prosesa mpya zinatoa za zamani. Ukisasisha kwa ajili ya 5600 usishangae prosesa yako ya zamani kukataliwa, na kurudi nyuma sio rahisi kila wakati. Soma maelezo ya kila toleo kabla hujabonyeza.

Kwa Intel LGA1700 hadithi ni ile ile: bodi za mfululizo wa 600, H610 na B660, zilitoka na kizazi cha 12, zikitaka 13 au 14 lazima bayosi mpya. Na prosesa za juu za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na tatizo la kuzidishiwa volti na kuchoka mapema, Intel wakatoa marekebisho kupitia bayosi kuanzia Agosti 2024. Kwahiyo i7 au i9 ya mtumba ya vizazi hivyo mi ningeiogopa, hujui imekaa muda gani na bayosi ya zamani.

Hatua ya 6: vitu vya pembeni vinavyoharibu bajeti

RAM: LGA1700 soma jina la bodi vizuri. ASUS wanaweka "D4" mwishoni kwa za DDR4, MSI na Gigabyte wanaandika DDR4 kabisa. Ule mkato kwenye RAM ya DDR4 na DDR5 uko sehemu tofauti, haiingii, usilazimishe. Na hata LGA1151 za H110 kuna baadhi zinatumia DDR3, kwahiyo angalia. Bodi za mwisho wa chini, H110, H310, H510, H610, nyingi zina sloti mbili tu za RAM. Ukiweka GB 4 mbili leo kwasababu ya bei, siku ya kuongeza inabidi zote uzitoe.

Feni ya prosesa: mashimo ya LGA1155, 1150, 1151 na 1200 ni yale yale, feni moja inahama kote. LGA1700 mashimo yamesogea, yanataka kishikio chake. Prosesa ikiuzwa bila boksi, ile wanayoita trei, haiji na feni, weka hiyo kwenye hesabu.

Pawa sapulai: kuna waya wa prosesa wa pini 4 au 8 unaochomekwa juu kushoto kwenye bodi, tofauti na ule mkubwa wa pini 24. Watu wanausahau alafu wanasema bodi mbovu. Na kama sapulai yako imetoka kwenye mashine za zamani angalia nyuma kama ina kile kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kikiwa 115 ukachomeka kwenye soketi ya ukutani ya kwetu utasikia mlio mmoja tu.

SSD: bodi nyingi za kizazi cha 6 na 7 za bei ya chini hazina sloti ya M.2 (ya SSD nyembamba zinazolala kwenye bodi) kabisa. Nyingine zinayo ila inapokea aina moja tu, SATA au NVMe. Soma kabla hujanunua diski.

Bodi na prosesa ya moto: bodi ya H610 au A320 ya bei rahisi inaweza kuikubali prosesa ya kora 12 au 16 kwenye orodha, lakini sehemu inayogawa umeme wa prosesa ni nyembamba na haina hata kipande cha alumini cha kupoza. Itawaka, ila ukiibebesha kazi nzito inashusha spidi yenyewe ili isiungue. Kwa prosesa za wati 65 hamna shida.

Windows: Windows 10 iliishiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu wake inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, au Ryzen nyingi kuanzia 2000, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Za nyuma ya hapo zinalazimishwa na watu wanatumia, au weka Linux, ila kama mashine ni ya ofisi au chuo na hutaki kuhangaika, kizazi cha 8 ndo mstari wako.

Sasa uchukue nini?

Ningekuwa na hela ndogo kabisa nisingeunga chochote. Ningetafuta mashine nzima ya ofisini iliyotumika, zile zinazokuja kwa makontena: Dell OptiPlex 3060, 5060 au 7060, au HP EliteDesk 800 G4, zote za kizazi cha 8. Hapo swala la kuendana limeshamalizwa na kiwanda, umepata bodi, prosesa, RAM, kesi na sapulai kwa bei ambayo pengine ingekuwa ya bodi na prosesa tu. Usichanganye na OptiPlex 3050 au EliteDesk 800 G3, hizo ni kizazi cha 6 na 7 na wauzaji wanaziweka rafu moja. Ubaya wake ni mmoja ila mkubwa: bodi na sapulai nyingi za hizo mashine ni za umbo na waya wa kwao wenyewe. Huwezi kuhamisha bodi kwenye kesi ya kawaida kirahisi wala kuweka sapulai yoyote, na zile nyembamba zinapokea GPU fupi tu zisizohitaji waya wa umeme.

Ukitaka kuunga mwenyewe na kuongeza mbele ya safari, AM4 ndo chaguo langu. Bila GPU chukua 5600G na bodi ya B450 au B550 iliyosasishwa. Ukiwa na GPU chukua 5600, au 3600 iliyotumika kama hela haifiki, zote zina kora 6 na thredi 12. Hapa kuna kitu kidogo: B450 inaishia PCIe 3.0 (PCIe ni njia ya GPU kuongea na prosesa), B550 inatoa 4.0 ukiweka 5600, lakini sio ukiweka 5600G au 5500. Kwa GPU nyingi hutaona tofauti, isipokuwa zile kama RX 6400 na RX 6500 XT zenye njia nne tu, hizo zinaumia kwenye 3.0. Ukiwa na mojawapo ya hizo ndo ulipie B550, vinginevyo baki na B450 na hiyo chenji nunua SSD nzuri.

Ukipata LGA1700 yenye DDR4 kwa bei ya karibu na hiyo, i3-12100 au i5-12400 na bodi ya H610 ni mashine tamu sana, baridi, haisumbui bayosi kwasababu kizazi cha 12 kinakubalika toka siku ya kwanza.

Kuhusu zile bodi za China za X79 na X99 na Xeon zake, najua kuna wanaozipenda. E5-2680 v4 ina kora 14 na thredi 28, kwa mtu wa kurenda video au kuendesha seva kadhaa ndani ya mashine moja inaeleweka. Ila haina grafiki za ndani, imepewa wati 120 peke yake, na LUKU utakuwa unanunua we. Bodi zenyewe bayosi zake hazina mwenyewe wa kuzisasisha kwa uhakika. Na kumbuka v1 na v2 ni LGA2011, v3 na v4 ni LGA2011-3, hazibadilishani.

Kukagua dukani

Nenda na tochi ya simu. Kwa Intel pini ziko kwenye bodi: fungua kishikio, mulika tochi kwa ubavu sio kwa juu, angalia safu za pini zinavyong'aa. Zikiwa sawa mwanga unatembea kwa mistari iliyonyooka kama shamba lililopandwa kwa kamba, pini iliyopinda inavunja mstari, inang'aa peke yake au inaacha doa jeusi. Bodi isiyokuwa na kifuniko cha plastiki cha soketi iangalie mara mbili.

AM4 pini ziko kwenye prosesa. Igeuze, iweke usawa wa jicho, angalia safu kutoka pande zote nne. Na siku ya kutoa feni ya AM4 usiivute juu moja kwa moja, ile pesti ya kupitisha joto ikikauka inang'ang'ania na prosesa inachomoka na feni huku kishikio kimefungwa, pini zinapinda au kung'oka. Iwashe ipate joto kwanza, zima, alafu zungusha feni taratibu kushoto kulia mpaka iachie.

Soma maandishi juu ya prosesa. Intel ikiwa na neno "CONFIDENTIAL" na namba inayoanza na Q badala ya S, hiyo ni sampuli ya majaribio, bei itakuwa nzuri mno lakini bodi nyingi hazitaitambua. Na Ryzen PRO zilizotolewa kwenye mashine za ofisi za Lenovo ziwe na mashaka kwako: baadhi zinafungwa kwenye bodi za kampuni hiyo na kwenye bodi yako hazitawaka milele, hata kama soketi, chipseti na bayosi viko sawa. Ryzen PRO yoyote usiinunue bila kuiona ikiwaka kwenye bodi ya kampuni nyingine.

Omba iwashwe hapo hapo, juu ya boksi la bodi, bila kesi: prosesa, feni, RAM moja, sapulai, na GPU kama prosesa haina grafiki. Ingia bayosi, soma jina la prosesa na kiasi cha RAM. Alafu hamisha ile RAM kwenye sloti nyingine, moja moja, uone kila sloti inafanya kazi, maana sloti mbovu ni ugonjwa wa kawaida wa bodi za mtumba na muuzaji hawezi kukwambia. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB. Kama kuna Windows, fungua CPU-Z (programu ya kusoma taarifa za prosesa) ulinganishe jina, kora na thredi na ulichoahidiwa, alafu iache ifanye kazi nzito kama dakika kumi huku unaangalia joto.

Mwisho kabisa risiti. Jina kamili la bodi, marudio yake, na namba ya serial iliyobandikwa kwenye stika viandikwe, pamoja na siku za waranti. Muuzaji akikataa kuandika, hiyo waranti ni ya mdomo, na we omba apunguze bei kama ya kitu kisicho na waranti.